Mkanda Hurudi, Jicho Halirudi

Barazani kwetu, baada ya sala ya isha, mazungumzo ya ndondi hayaishi. Huyu atamsifu Muhammad Ali, yule atamtaja Mike Tyson, na mzee mmoja wa kahawa atawakatiza wote kwa habari za zamani. Mimi nikiulizwa bingwa wangu ni nani, hutaja jina ambalo wengi hawajalisikia: Saensak Muangsurin wa Thailand. Zamani nilimtaja kwa kujigamba kwamba namjua. Siku hizi namtaja kwa huzuni, na sababu ya huzuni hiyo ndiyo niliyoikusudia leo.

Saensak alizaliwa mwaka 1950 katika mkoa wa Phetchabun. Kabla ya kuvaa glavu za ndondi tuzijuazo, alikwisha kuwa bingwa wa Muay Thai, mchezo wa kwao wa ngumi na mateke. Bondia wa kawaida ana silaha mbili tu, ngumi zake. Mchezaji wa Muay Thai ana silaha nane: ngumi mbili, viwiko viwili, magoti mawili na miguu miwili. Raundi ni tano, kila moja dakika tatu. Kabla ya kupigana, wachezaji huuzunguka ulingo wakicheza taratibu kuwaheshimu walimu wao, huku ngoma zikipigwa na ala mfano wa zumari yetu ikilia. Yamo ndani yake mambo ya dini yao ambayo si yetu. Lakini kijana kumkumbuka mwalimu wake kabla ya kuonyesha nguvu zake ni adabu ambayo hata sisi tunaifundisha chuoni.

Aliingia katika ndondi Novemba 1974. Tarehe 15 Julai 1975, mjini Bangkok, akiwa katika pambano lake la tatu tu, alimshinda Perico Fernandez wa Uhispania katika raundi ya nane na kutwaa mkanda wa dunia wa WBC, uzani usiozidi kilo 63 na nusu. Wengine hupigana miaka kumi wasiuone mkanda huo hata kwa mbali. Ilipita miaka 39 kabla mtu mwingine kuifikia rekodi hiyo: Vasyl Lomachenko wa Ukraine, mwaka 2014, naye alikuja na medali mbili za dhahabu za Olimpiki.

Juni 1976 Saensak alipokonywa mkanda mjini Madrid kwa kumpiga Miguel Velazquez baada ya kengele kulia. Oktoba mwaka uo huo alirudi Uhispania akamshinda Velazquez katika raundi ya pili, mkanda ukarudi mkononi mwake. Kisha akautetea mara saba mfululizo. Katika mwaka 1977 pekee aliutetea mara sita, wakati ambapo pambano la ubingwa lilikuwa la raundi 15. Ndugu msomaji, hebu fikiri: mwili ule ule, kichwa kile kile, makonde yale yale, takriban kila baada ya miezi miwili.

Mwili si chuma. Desemba 1978, huko Seoul, Kim Sang-hyun wa Korea Kusini alimwangusha katika raundi ya 13, na mkanda ukaenda. Mwaka 1979 Thomas Hearns wa Marekani alimmaliza katika raundi ya tatu. Alipoacha, alikuwa amepigana mapambano 20 tu ya ndondi, ameshinda 14 na kushindwa sita. Jicho lake moja likapoteza nuru kwa ajili ya kazi hiyo. Alifariki Aprili 2009, akiwa na umri wa miaka 58.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa barazani. Wao husema kila kazi ina hatari zake: mvuvi huzama, dereva huanguka, basi na bondia naye apigwe. Hoja hii ina kasoro. Mvuvi hakwenda baharini kutafuta kuzama. Bondia akishamwangusha mwenzake kwa konde la kichwa, ndiyo kazi yenyewe imekamilika, na sisi tuliolipa kiingilio tunasimama kushangilia. Dhara kwake si ajali. Dhara ndiyo bidhaa tunayoinunua.

Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba mwili ni amana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumpiga mtu usoni hata katika ugomvi. Na mwezi wa Oktoba 1987 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita walikutana Makka wakatoa uamuzi kwamba ndondi hizi ni haramu, wakataja upofu, madhara ya ubongo na kifo. Niliposoma habari ya uamuzi ule nilimkumbuka Saensak.

Atatokea wa kuniuliza: "Je, Muhammad Ali hakuwa Mwislamu?" Alikuwa, na tulimpenda, na tutaendelea kumwombea. Lakini tulimpenda kwa ulimi wake wa haki na msimamo wake kuliko makonde yake. Na wote tuliiona mikono yake ikitetemeka kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2016. Wala tusidhani mambo haya ni ya mbali. Robert Wangila, Mkenya pekee aliyepata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, huko Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 kutokana na pambano, akiwa na miaka 26.

Sheria za mchezo huu hubadilika baada ya maziko. Kim Duk-koo wa Korea Kusini alipokufa Novemba 1982 kwa pambano lililofika raundi ya 14, ndipo WBC ilipopunguza raundi kutoka 15 hadi 12. Kwa nini tungoje maiti nyingine?

Sisemi vijana wetu wakae bure wakitafuna mirungi vichochoroni. Wafundishwe kuogelea, kukimbia, kurusha mateke kwenye gunia, na hata ile heshima ya kumwinamia mwalimu wao kwa adabu bila kumsujudia. Klabu inayowafunza ngumi iwakataze kabisa konde la kichwa. Na mzazi anayeletewa ahadi ya fedha za haraka kwa ajili ya mwanawe aikumbuke habari ya mtu aliyepata ubingwa wa dunia katika pambano la tatu.

Mkanda alipokonywa, akaufuata hadi Uhispania akaurudisha. Jicho hakuna nchi angeweza kulifuata. Mwenye macho haambiwi tazama.