Taa ya Diwali huwashiwa nani?

MSOMAJI mpenzi, huenda umewahi kupita mtaa wanakoishi Wahindu jioni moja ya Oktoba au Novemba, ukaona vitaa vya udongo vimepangwa safu kwenye ngazi, madirishani na juu ya kuta, ilhali stima ipo na balbu zinawaka. Pengine ulijiuliza kama nilivyojiuliza mimi nilipokuwa mtoto: hawa watu wana stima, vitaa hivi ni vya nini?

Hiyo ndiyo Diwali, na vitaa vyenyewe huitwa diya. Jina hilo limetokana na neno la Kisanskriti, Dipavali, yaani safu ya taa. Lakini kabla hatujasonga mbele, tusahihishe kosa ambalo wengi wetu hulifanya. Si kila Mhindi ni Mhindu. Mhindi ni mtu wa asili ya India, naye aweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Singasinga au Mjaini. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Diwali hasa ni sikukuu ya Wahindu, na sheria yetu ya sikukuu hapa Kenya imewatengea siku hiyo wapumzike. Walakini Majaini nao huwasha taa kumkumbuka mwalimu wao mkuu, Mahavira, na Masingasinga huwasha kukumbuka jinsi Guru Hargobind alivyofunguliwa kutoka ngome ya Gwalior.

Usiku wenyewe haukuchaguliwa ovyo. Ni usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, giza totoro. Mwaka 2025 uliangukia Oktoba 20, siku tunayowakumbuka Mashujaa wetu.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, aliyeishi uhamishoni kwa miaka 14. Huko mkewe, Sita, alitekwa nyara na Ravana, mfalme wa Lanka. Rama alipigana vita, akamshinda Ravana na kumkomboa mkewe. Waliporejea nyumbani, watu wa Ayodhya waliwasha taa kuwalaki. Mji wa Ayodhya ungalipo kaskazini mwa India, na mwaka 2024 watu waliwasha huko taa zaidi ya milioni 2.5 kwa usiku mmoja kwenye kingo za mto Sarayu.

Wahindu wengi wa Kenya asili yao ni Gujarat, nao usiku huo humkumbuka pia Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na riziki. Nyumba hufagiliwa kila pembe, na mlangoni huchorwa mapambo ya unga wa rangi. Wafanyabiashara hufunga hesabu za mwaka na kuviombea baraka vitabu vipya. Mambo yenyewe huchukua siku tano kwa kawaida. Siku ya kwanza, jamaa wengi huweka taa moja nje ya nyumba, imeelekezwa kusini, kwa ajili ya Yama, mungu wa mauti, wakiomba asimchukue mtu wao kabla ya wakati wake.

Sasa niruhusu, msomaji, nikurudishe nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mji wetu mdogo ulikuwa na duka la Mhindu mmoja, na mimi ndiye niliyetumwa huko kununua mafuta ya taa, yakipimwa katika chupa ya soda. Jioni moja nilimkuta mama mwenye duka amechutama kizingitini, anamimina mafuta katika vitaa vya udongo.

"Mama, stima imepotea?" nikamuuliza.

Akacheka. "La, mwanangu. Hizi si taa za sisi tulio ndani. Ni za yule anayerudi."

Nyumbani kwetu kulikuwa na mtu ambaye hakuwa amerudi. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekosana na baba, wakatupiana maneno yasiyofaa kusemwa baina ya mzazi na mwana, naye akafunga virago. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake mbele ya baba.

Usiku ule nilimsimulia mama niliyoyaona dukani. Hakunijibu kitu. Lakini kuanzia siku hiyo koroboi ya jikoni haikuzimwa tulipokwenda kulala, iliwekwa dirishani. Baba alikuwa mtu wa kuhesabu kila senti ya mafuta, nami nikawa nangoja ngurumo zake. Usiku wa tatu au wa nne niliamka, nikamwona amesimama penye dirisha, chupa mkononi, anaongeza mafuta.

Kaka alirudi baada ya mwaka mmoja na ushei, tena saa saba mchana, jua la utosi. Kwa hivyo koroboi ile haikumwonyesha njia hata hatua moja. Lakini nyumba aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Baba aliinuka kitini, akamwambia, "Karibu, keti," kisha akamwita mama alete chakula. Mambo yakaishia hapo.

Ndipo nilipoanza kuelewa taa za yule mama. Tunadhani taa ni ya kumsaidia aliye gizani. Kweli, humsaidia. Lakini kwanza humtengeneza yule anayeiwasha. Huwezi kuweka taa mlangoni kila usiku huku ukiomba moyoni kwamba mlango huo usibishwe.

Hebu itazame diya yenyewe. Ni kikombe kidogo cha udongo, utambi wa pamba uliosokotwa kwa viganja, na samli au mafuta kidogo. Wanaojua kazi huloweka diya mpya majini kwa saa kadhaa, la sivyo udongo mkavu huyanywa mafuta yote. Zaidi ya hayo, kinachowaka hasa ni mafuta yanayopanda kupitia utambi. Maadamu mafuta yapo, utambi hudumu. Yakiisha, utambi huanza kujila wenyewe, ukatoa moshi na kuzimika. Je, si ndivyo tulivyo majumbani? Mtu aliyekauka kwa hasira hunywa mema yote anayotendewa, na nuru haionekani.

Tena Diwali haiishii kwenye taa. Kwa watu wa Gujarat, siku inayofuata ni mwaka mpya. Huvaa nguo mpya, huenda kwa wazee kuomba baraka, na waliokosana hutafutana wasameheane. Salamu yao ni "Sal Mubarak", na wewe mjuzi wa Kiswahili huhitaji kutafsiriwa hilo neno la pili. Siku ya tano ndugu wa kiume huenda kwa dada yake. Dada humtia alama ya baraka kwenye paji la uso, humlisha, naye ndugu humpa zawadi. Yaani baada ya taa kuwashwa, miguu nayo hutakiwa kutembea.

Msomaji, si lazima uwe Mhindu ndipo ujifunze jambo hapa. Kila mmoja ana dini yake, nami sikuhimizi uiache yako. Ninachokuuliza ni hiki: katika ukoo wako, ni nani ambaye jina lake halitajwi tena? Ni binti aliyepata mimba akafukuzwa? Ni ndugu mliyegombania shamba la marehemu baba yenu? Ni mama mkwe ambaye hujamsalimu tangu siku ya harusi? Usiseme, "Akirudi mwenyewe, tutaongea." Watu wa Ayodhya hawakungoja Rama abishe hodi ndipo watafute kiberiti.

Mvulana aliyetumwa mafuta ya taa sasa ana mvi. Baba ametangulia mbele ya haki, mama pia. Kaka yangu yu hai, na kila tukikutana hatuachi kuitaja koroboi ile. Juzi nilimwambia jambo ambalo hakuwahi kulijua, kwamba aliyekuwa akiongeza mafuta ni baba. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akaniomba nirudie kumsimulia.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.