Mlango Ulifunguka, Garcin Akabaki

Siku hizi msomi akikosana na ndugu, jirani au mwenzake kazini, humwita Jean-Paul Sartre awe shahidi wake. Eti mwanafalsafa yule alikwisha kuthibitisha kwamba walimwengu hawafai, na dawa yao ni kujitenga nao. Napinga. Hilo ni kuichukua Huis clos, tamthilia yake inayomkaba mwoga koo, na kuifanya kichaka chake cha kujifichia. Sartre mwenyewe, katika maelezo yaliyorekodiwa mwaka 1965, alilalamika kwamba kauli yake humo, “jehanamu ni watu wengine”, haikueleweka: alichokisema ni kwamba uhusiano wetu ukiharibika, ndipo mwenzako anapogeuka moto.

Tuifungue Huis clos yenyewe. Ilionyeshwa mara ya kwanza Paris, Mei 1944, jiji likiwa bado mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Wafu watatu wamefungiwa chumba kimoja jehanamu. Hakuna viboko wala makaa. Kuna makochi matatu, sanamu ya shaba na taa isiyozimwa. Kioo hakuna. Estelle, aliyemzamisha majini mtoto wake mchanga, anataka kupaka rangi ya mdomo. Inès, karani wa posta enzi za uhai wake, anajitolea kuwa kioo chake. Anamwelekeza, anamsifu, kisha ghafla anauliza: hicho chekundu shavuni ni nini? Estelle anashtuka. Shavuni hakuna kitu, lakini atajuaje?

Hapo wengi hufunga kitabu: umeuona ubaya wa watu? Wangerudi nyuma kidogo wangeona kwamba Estelle alikuwa hivyo hata alipokuwa hai. Chumbani kwake mlikuwa na vioo sita vikubwa, na akizungumza alihakikisha kimoja kinamwonyesha, ajione kama wageni wanavyomwona. Inès hakumnyang'anya kitu. Alikuta Estelle amekwisha kujikabidhi.

Garcin, mfu wa tatu, ndiye anayeniuma zaidi. Alikuwa mwanahabari wa Rio, mpinga vita. Vita vilipokuja alipanda treni akimbilie Mexico, akakamatwa mpakani, akapigwa risasi. Je, alikimbia kwa msimamo au kwa woga? Anamsihi Inès atamke kwamba si mwoga. Inès anakataa: mtu ni matendo yake, na ya Garcin yamekwisha kufungwa. Garcin anaugonga mlango, anaapa kwamba yuko tayari kwa koleo na risasi iliyoyeyushwa, bora atoke. Mlango unafunguka. Hatoki. Anabaki kumbembeleza mwanamke asiyempenda, ili ampe cheti cha ushujaa. Nani aliyemfunga hapo?

Tena tazama alivyolichagua shtaka. Kinachomkosesha raha ni porojo za wenzake kule chumba cha habari, wanaomwita mwoga huku wakivuta sigara. Lakini huyo huyo alikuwa akiingiza mwanamke mwingine nyumbani, na asubuhi mkewe akiwapelekea kifungua kinywa kitandani. Kwa hilo anasema hajutii. Baada ya kupigwa risasi, mkewe alipewa koti lake, akakaa nalo magotini, lina matundu 12. Hukumu ya mke huyo Garcin haiombi hata mara moja.