Brashi Si ya Watoto Peke Yao

Hivi karibuni tulisindikiza wanakwaya wa parokia moja kutembelea jumba la makumbusho. Katika chumba kimoja watoto wa shule walikuwa wameketi sakafuni wakichora, rangi zimewajaa hadi puani. Mama mmoja mwenye umri wa miaka 60 na ushee alisimama mlangoni akiwatazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mhudumu, "Mwanangu, na sisi je?" Akajibiwa kwa heshima kwamba darasa lile ni la watoto. Mama akacheka, akaondoka. Sisi tukabaki na swali lake.

Taifa letu si geni katika kumfundisha mtu mzima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu wengi wakashika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na wajukuu. Ikiwa kalamu haikuwa na umri, kwa nini brashi iwe nao?

Historia ya sanaa yetu inajibu vizuri. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora akiwa mtu mzima, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Sista Jean Pruitt, wa Shirika la Maryknoll, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Hapo ndipo George Lilanga, mchongaji wa Kimakonde, alipofanya kazi ya ulinzi, akapata nafasi ya kujaribu rangi, na baadaye kazi zake zikaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Mlango ulikuwa wazi, naye akaingia.

Wapo watakaosema: watu wanakosa dawa, ninyi mnazungumzia brashi? Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini hatudai majengo mapya. Nafasi Art Space ya Mikocheni imeonyesha tangu mwaka 2008 kwamba hata makontena ya mizigo yanaweza kuwa karakana za wasanii. Tunachoomba kwa makumbusho ya umma ni chumba kimoja, Jumamosi moja au mbili kwa mwezi, msanii anayelipwa ujira wa haki, na ada ambayo mama ntilie anaweza kuimudu. Majumba haya yanaendeshwa kwa kodi yake pia.

Si wote watakaokuwa akina Lilanga, wala si lazima. Anayechora mkono wa jirani yake kwa nusu saa huona makovu na sugu ambazo hakuwahi kuziona kwa miaka 10 ya kusalimiana. Mstaafu anayeshinda peke yake nyumbani hupata meza ya kukaa na wenzake. Hayo si anasa.

Nasi waseminari tujikosoe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu, namba 129, uliagiza makleri wafundishwe historia ya sanaa takatifu wakati wa masomo yao ya falsafa na teolojia. Padre asiyejua kuitazama kazi ya mikono ataagiza sanamu ya plasta kutoka mbali, ilhali mchongaji anakaa nyuma ya kanisa na hana kazi. Madarasa hayo yakifunguliwa, tuwe wa kwanza kujiandikisha, tukae benchi moja na waamini wetu, tukosee pamoja nao.

Yule mama bado anaimba sauti ya kwanza kila Jumapili, na hakuna anayemwambia kwamba kuimba ni kwa watoto. Siku akirudi kwenye ule mlango, tungependa akute kiti.