Picha ya matanga: tusikubali sura ya kubuni

Hapa Mudzipela, matanga ikianguka, watu wanakimbilia kwanza bashe, viti na kuni. Nyuma ya hapo wanatafuta picha. Mtu amefia katika shimo upande wa Mongbwalu ao Nizi, maiti inaletwa Bunia, na familia inafungua telefone zote za nyumba. Wanapata nini? Foto moja yenye vumbi, kofia imefunika paji la uso, ao kile kipicha kidogo cha kadi ya uchaguzi.

Kijana wa studio anasema: «Leteni tu, nitaitengeneza na ordinatere.» Kesho yake picha kubwa iko mbele ya sanduku. Ngozi ni laini kama ya mtoto, macho yanang'aa, koti na kravate kama za waziri. Ni picha nzuri, hatukatai. Lakini katika matanga moja tulisikia mama mzee, mama wa marehemu mwenyewe, akiuliza kwa sauti ya chini: «Huyu ni nani?»

Hakuna aliyemujibu. Ni juu ya lile swali lake tunaandika leo.

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaobaki nyumbani, «picha ya ordinatere» si kazi moja. Ni kazi tatu, na kila moja iko na faida na hasara yake.

Ya kwanza ni kusafisha foto na kuipitisha katika filta. Inachukua dakika chache, na bei ni ndogo. Sura inabaki ya mtu yule, lakini filta inalainisha ngozi, mara nyingi inaifanya nyeupe, na kovu la shavu linaondoka pamoja na vumbi.

Ya pili ni kuchora kwa mkono. Mchoraji anaweka foto chini, anaififisha iwe kama kivuli, kisha anachora juu yake kwa kidole ao kwa kalamu ya tablete: tabaka moja kwa mistari, ingine kwa rangi, ingine kwa mwangaza. Krita ni ya bure katika ordinatere, ibis Paint inatembea hata katika telefone ya Android, Procreate inaomba iPad. Kazi hii inachukua siku, na inaomba mtu anayejua. Asiyejua anafuata mistari tu. Telefone ikishikwa karibu sana na uso, pua inatokea kubwa kuliko ilivyo, na ile pua kubwa inahamia katika mchoro. Asiyejua tena anachora kivuli cha ngozi yetu kwa rangi nyeusi tupu, na uso unakuwa kama majivu. Ngozi nyeusi iko na wekundu ndani ya kivuli, na mwangaza wa mbingu unaonekana juu ya paji la uso. Mchoraji mzuri anajua hayo, tena anauliza: alikuwa anacheka namna gani? Hili kovu lilikuwa upande gani?

Ya tatu ni akili bandia, ile vijana wanaita IA. Munaipa kipicha kidogo, inarudisha uso mkubwa, safi kabisa. Lakini kipicha kidogo kiko na nukta chache tu. Kile hakimo ndani yake, mashine haiwezi kukijua. Inabahatisha kufuatana na nyuso ilizofundishwa. Mwaka 2020, huko Marekani, programu ya Chuo Kikuu cha Duke yenye jina PULSE ilipewa picha ya Barack Obama yenye ukungu. Ilitoa sura ya Muzungu. Kama ilimupoteza mutu ambaye dunia nzima inamujua, itamurudisha namna gani mchimbaji ambaye foto yake ni moja tu?

Sisi watu wa zahabu tungepaswa kuelewa mbele ya wengine. Mnunuzi haamini macho yake. Analeta mizani, analeta asidi. Lakini kwa sura ya baba wa watoto, tunalipa kwa sababu inang'aa tu.

Wengine watatuambia: «Mazishi ni kesho, mchoraji anaomba siku nne, tutafanya nini?» Ni neno la kweli. Basi tutenganishe mambo mawili. Kwa mazishi, tutumie foto yenyewe, isafishwe kidogo bila filta. Hata na vumbi lake, ni yeye. Picha ya kutundika ukutani tuiagize kwa mkono, ikuwe tayari siku ya kutoa matanga. Tusimalize kulipa mbele ya kuona kazi, na yule wa kuikagua akuwe mama yake ao rafiki wa shimo moja. Mashine ikitaka kubadilisha ukuta wa nyuma ao koti, hatuna shida. Mpaka wake ukuwe uso.

Na kuko dawa ya mbele ya kifo, hata kama kusema hivi kunaleta baridi. Siku ya kurudi kwenye karyeri, simama karibu na mlango asubuhi, mwangaza ukupige uso, bila kofia. Anayepiga foto akae mbali hatua mbili. Moja ya mbele, moja ya upande, moja ukicheka. Hakuna filta. Utume kwa watu wawili, na katika WhatsApp itumwe kama dokima, kwa sababu ikitumwa kama foto inapunguzwa. Si kujiita kifo. Hata anayefunga mbao za shimo haombi udongo uanguke.

Tunasema haya yote kwa ajili ya mtoto aliye bado tumboni siku baba anazikwa. Yeye hatakuwa na masolo ya kukumbuka, hatakuwa na sauti. Atakuwa na ile picha ya ukutani. Siku moja atasimama mbele ya kioo, atatafuta pua yake na paji lake katika uso wa baba. Azikute.