Chungu cha Makande na Deni la Pilau

Kila mwisho wa mwaka wana wetu walioko Dar es Salaam, Tanga na Arusha hurudi nyumbani huku Same. Wengine huja kwa basi, wengine kwa gari la moshi la abiria, lililorudi katika njia ya Moshi mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya kutopita. Hushuka hapa chini penye joto na vumbi, kisha hupanda milimani, Vudee, Chome, Mamba, Gonja. Na karibu kila mmoja, akiisha kuwaamkia wazee, huuliza: "Makande yapo?"

Mtu huyo mjini hula wali na kuku apendavyo, lakini hapa hutaka mahindi na maharage! Watani wetu husema ni ubahili wa Wapare. Hasha. Bahili hawezi makande. Mahindi lazima yatwangwe kinuni hata ganda litoke, yapepetwe kwa ungo, na maharage yachaguliwe na kulowekwa usiku kucha. Kisha chungu kikae motoni saa nyingi, mtu akiongeza maji na kuchochea kuni. Ndipo huungwa kwa kitunguu na nazi, au karanga, au maziwa, kila nyumba kwa desturi yake. Na huko kukawia ndiko kunakowakutanisha watu. Pilau huliwa mara moja, wageni wakaaga. Lakini penye chungu cha makande ndugu wawili wasiosemezana tangu mwaka jana hukaa jiko moja wakingoja, na kungoja huko kukizidi, mmoja atauliza habari za ng'ombe, na mwingine atajibu.

Mtu asije akadhani kwamba chakula hiki kimeanza kwetu. Mahindi na maharage haya yote mawili asili yake ni bara la Amerika, ambako wenyeji wa zamani waliyapanda pamoja na kuyala pamoja. Huku Afrika yaliletwa baada ya Wareno kufungua njia za bahari, katika miaka ya 1500. Kabla ya hapo nafaka zetu zilikuwa mtama na ulezi. Majirani zetu wa Kenya nao wanayo: Wakikuyu huita githeri, na Wakamba hukoboa mahindi kama sisi, wakaita muthokoi. Waganga wa siku hizi wamekwisha kueleza sababu ya ndoa hiyo kudumu. Utomwili wa mahindi peke yake una upungufu, na maharage ndiyo yenye kile kinachopungua. Vikiliwa pamoja vinajenga mwili wa mtoto vizuri kuliko kimoja kimoja.

Sasa nafika kwenye neno langu. Kazi ya ukarani wa parokia hunisikilizisha mengi. Mzazi huja kuomba tarehe ya ubatizo isogezwe mbele, si kwa kuwa mtoto ni mgonjwa, bali kwa kuwa fedha za mchele na nyama hazijapatikana. Mwingine hakubali kungoja, hukopa. Januari shule zinafunguliwa, madaftari hayajanunuliwa, na mwenye duka amesimama mlangoni akidai. Ukimwuliza kwa nini asipike makande, atajibu: "Watu watasemaje?" Watu hao hao, nawaambieni, ndio watakaouliza kama makande yapo!

Lakini akina baba, tusiwatwishe mama zetu mzigo huu kisha tukakaa barazani. Kuni, maji na mchi ni kazi nzito, na mikono yetu si ya kushikia vikombe tu. Penye mashine ya kukoboa, mahindi yapelekwe huko. Kuloweka nako kunapunguza kuni, jambo lisilo dogo kwetu tunaotegemea maji yatokayo misituni.

Na yachagueni mahindi vema. Punje yenye ukungu, iliyooza au kubadilika rangi, itupwe mbali. Asipewe hata kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, hata chungu kikeshe motoni. Mahindi yakaushwe sawasawa kabla ya kuwekwa ghalani, wala yasilazwe juu ya udongo mtupu.

Chumvi itiwe mwishoni, maharage yakiisha kulainika. Kiporo nacho kina wapenzi wake, nami ni mmoja wao. Ila huku tambarare makande huchacha upesi kuliko kule Chome kwenye baridi, basi yasilale katika sufuria ya moto iliyofunikwa. Yapozwe upesi, na asubuhi yachemshwe tena hata yatokote, ndipo yaliwe kwa chai ya tangawizi ya Mamba Miamba.