Mdundo wa Disko na Mikono ya Akina Mama

Yako malalamiko yasiyokwisha katika mabaraza ya Unguja na Pemba, nayo huwafikia maofisa wa utamaduni kila msimu wa harusi: kwamba taarab ya akina mama imeharibika, imegeuka disko. Sisi hatuyakubali malalamiko hayo kama yalivyo, ingawa tunakiri kwamba liko jambo lililopotea. Wanaolalamika wanalitafuta mahali ambapo halipo.

Taarab haikuota Forodhani kama mkungu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash ndiye aliyempeleka mtu Misri kujifunza ganuni. Nadi Ikhwan Safaa ikaundwa mwaka 1905. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akavuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Baada yake ziliingia nyimbo za filamu za Kihindi, ikaingia rumba, na kila ilipoingia hodi mpya walikuwapo watu wa kununa.

Akina mama nao hawakungoja kukaribishwa. Waliunda vyama vyao, Sahib el-Ari, Nuru el-Uyun, Royal Navy na Royal Air Force, wakashona sare, wakashindana kwa mafumbo, na wakaitia taarab mapigo ya ngoma za uwani ambayo waungwana wa zamani wasingeyaruhusu sebuleni. Majina ya majeshi ya mkoloni hayakuwageuza kuwa Waingereza. Hapana sababu ya kudhani kwamba mdundo wa disko utawageuza watoto wa watoto wao kuwa Wamarekani.

Mageuzi makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. East African Melody ilichipukia Ghuba miongoni mwa ndugu zetu waliokuwa huko, nayo ilileta kinanda cha umeme chenye mdundo uliokwisha kutiwa ndani tayari. Watu waliozoea kukaa vitini na kwenda kutunza kwa adabu waliinuka wakacheza. Ndiyo iliyoitwa rusha roho. Mwaka 1992 ikazaliwa Tanzania One Theatre chini ya marehemu John Komba, na Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Unguja, akawa sauti yake kuu katika mipasho dhidi ya kundi la Muungano. Kila mtu anajua TOT ilikuwa ya nani. Kiongozi wa Chama anayelaani kinanda hicho leo ajiulize kwanza mikutano yetu ya kampeni ilijaa watu kwa sauti za nani.

Basi kilichopotea ni nini? Ni kazi ya mikono. Kundi la taarab asilia lilihitaji ganuni, udi, nai, fidla kadhaa, akodiani, besi na dumbak. Kinanda kimoja kimezimeza zote. Mwenye shughuli akapunguza gharama, gari likatosha moja, na mpigaji akabaki mmoja, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Hata katika vyama vya zamani wapigaji wa ala walikuwa kwa kawaida wanaume wa kukodiwa, lakini angalau palikuwa na ala ambazo msichana angeweza kutamani kuzishika. Sasa anaachiwa kipaza sauti na gauni tu. Asiyeshika ala hapangi sauti, na asiyepanga sauti hana neno kubwa siku ya kugawana malipo.

Ugenini pia tunaona tofauti hiyohiyo. Huko Philadelphia, Marekani, Patti LaBelle na wenzake walianza miaka ya 1960 kama kundi la wasichana wa sare, Bluebelles. Mwaka 1971 watatu waliobaki walijiita Labelle, mmoja wao, Nona Hendryx, akawa mtunzi, na kufikia mwaka 1974 walikuwa wanawachezesha vijana wa madisko. Walibadilika wenyewe. Uingereza kulikuwa na kundi la Pipettes lililofufua mtindo huohuo wa miaka ya 1960. Santuri yao ya pili, ya mwaka 2010, ilikuwa ya disko, lakini waimbaji wa awali walikwisha kuondoka wote. Jina lilibaki na wenye jina hawapo.

Zanzibar imekwisha kuonyesha njia iliyo bora. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani, mwandishi wa habari, aliunda Tausi Women's Taarab, kundi ambalo wanawake wanaimba na ala wanazipiga wenyewe. Na mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa nyimbo za bibi yake zikiwa zimechanganywa na sauti za mitambo ya kisasa. Tukisikia kesho kwamba kundi la akina mama lenye ganuni na fidla zake limeamua kupiga disko, tutalipigia makofi.

Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge Desemba 1962 na kuunda wizara ya utamaduni, aliwasikitikia waliojua twist wasijue lelemama. Wengi hukomea hapo. Katika hotuba hiyohiyo alisema pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine ni taifa la wajinga.

Tunaandika haya kutoka Mbangala, mkoani Songwe, mbali na bahari, ambako nyimbo za Visiwani hufika kwa simu na kwa harusi za Tunduma, na wasichana wetu huiga wanachokiona jukwaani. Kwa hiyo tunaliomba Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni liachane na kupima mapigo. Ganuni moja ina nyuzi zaidi ya 70, kwa kawaida huagizwa nje, na binti wa Makunduchi au Wete hawezi kuinunua kwa fedha za mwani. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichofunguliwa mwaka 2002 kimefundisha wanawake wengi ala hizo, nacho kimeishi kwa misaada ya wafadhili. Tungependa kuona katika makadirio ya wizara fungu la ala na la mishahara ya walimu wa kike, Unguja na Pemba, likitajwa kwa tarakimu.