Blanketi la Dereva na Ghala la Tajiri

Magari makubwa yatokayo Kisangani na kushika barabara ya taifa namba 4, yakapita Bafwasende na Nia-Nia, yakavuka mto Epulu katikati ya mwitu wa Ituri, yakafika Mambasa na Komanda na hatimaye kupanda Beni na Butembo, huitwa magari ya mizigo, na jina hilo ni la haki. Walakini kwa wale waliomo ndani yake magari hayo ni nyumba pia, maana dereva na makonvoyeri wake, yaani utingo wa gari, na aghalabu mama mchuuzi mmoja au wawili wanaofuatana na bidhaa zao, watakula humo, watalala humo, wataugua homa na kupona humo, kwa siku ambazo idadi yake imo mikononi mwa mvua. Kutoka hapa Kisangani hadi Beni ni yapata kilomita 750. Njia ikiwa kavu mwendo huo hausumbui sana, lakini njia ikiharibika juma huzaa juma, na vyakula vilivyopakiwa vibichi huoza juu ya gari huku wenyewe wakivitazama.

Rai ninayotaka kuiweka mbele ya wasomaji ni moja. Vyombo vya kulalia njiani, yaani godoro, blanketi, chandarua, koti la baridi na turubai la kusitiri watu, ni sehemu ya gari kama ilivyo tairi ya akiba. Na faradhi ya kuvinunua, kuvikausha na kuviweka salama nyumbani baina ya safari moja na nyingine ni ya tajiri mwenye gari, wala si ya dereva, sembuse konvoyeri ambaye ujira wake wenyewe hautoshi kununua godoro.

Nasema hivyo kwa sababu kulala njiani katika nchi yetu ya Kongo si ajali impatayo mtu mara moja moja, bali ni jambo lijulikanalo kabla gari halijawashwa. Liko katika kanuni yenyewe ya barabara: mvua inyeshapo, bariyeri ya mvua hufungwa, na magari hungoja hadi udongo ukauke. Kanuni hiyo ni ya busara, maana gari lililosheheni likipita juu ya udongo uliolowa huchimba handaki, na wafuatao nyuma humezwa nalo. Barabara hii ilikuwa imekufa kiasi kwamba watu waliopewa jina la kumba-kumba walisukuma baiskeli zenye magunia ya bidhaa masafa ya mamia ya kilomita mwituni. Ikafufuliwa kwa mradi wa Pro-Routes ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2008. Kisha, kwa kukosa matunzo, sehemu zake nyingi zikarejea katika matope. Basi ikiwa tajiri ajua, na mwenye shehena ajua, na mkusanya ushuru ajua ya kuwa gari litalala mwituni, kwa nini pasiwe na hata mmoja aulizaye watu watalala juu ya nini?

Tazama msururu wa magari yaliyozuiwa njiani baada ya mvua kubwa ya alasiri. Konvoyeri mmoja yu chini na koleo, akiondoa tope lililoganda kwenye magurudumu. Mwenziwe amekwisha kuwasha mbabula, lile jiko la makaa, kwa makaa yaliyosazwa jana, na sufuria ya wali imeinjikwa. Usiku uingiapo, dereva hujikunja juu ya viti vya kabini, magoti yakigusa usukani. Konvoyeri wa kwanza hupanda juu ya magunia na kujipenyeza chini ya bashi, lile turubai kubwa lililofunika mzigo, nalo limemkaribia uso kiasi kwamba kila dimbwi la maji linalojikusanya juu yake humlalia kifuani. Wa pili, kwa kuwa juu hapana nafasi, huingia uvunguni mwa gari, akatandika majani ya mangongo juu ya udongo, na juu ya majani hayo gunia tupu, akalala baina ya magurudumu ya nyuma. Mangongo ni yale yale ambayo wanawake wa Kimbuti, wenyeji wa mwitu huu, huezekea vibanda vyao, na ambayo mama zetu hapa Kisangani hufungia vyakula. Ni majani yenye baraka nyingi, lakini Mbuti huyapanga juu ya kichwa chake yawe paa lisilovuja, ilhali konvoyeri wetu huyalalia tu kwa sababu hana kitu kingine.

Na mama mchuuzi? Yeye hukaa. Nimewaona waliokesha hivyo, wameegemea mizigo yao, kanga imefunika kichwa, wakingoja alfajiri, kwa sababu hapana mahali pa mwanamke kujilaza kwa staha miongoni mwa wanaume ambao hana udugu nao. Hili huniuma kuliko yote, maana vitunguu na maharagwe mengi tunayokula mjini hapa yamekuja kwa kukesha kwao, na turubai moja dogo lenye kamba nne lingetosha kuwaondolea fedheha hiyo.

Hayo ni ya mwituni, ambako usiku una joto japo una mbu. Balaa la pili huanza gari likipanda. Kisangani iko mita 400 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Butembo iko juu ya mita 1,700, na vilima vya Lubero vinapanda zaidi ya hapo. Mwana wa Kisangani aliyezoea usiku ambao hata shuka humzidi hufika huko na shati lake moja lililolowa jasho na tope, akakuta ukungu umelala barabarani na baridi ya chini ya nyuzi 15. Mtu mkavu huivumilia baridi ya namna hiyo. Mtu aliyelowa, mwenye njaa na uchovu wa siku nyingi, huanza kutetemeka, mikono ikapoteza nguvu, na fahamu zikapungua makali yake. Na huyo ndiye tunayemtaka kesho asubuhi ashike breki kwenye miteremko ya milima.

Huko Marekani na Ulaya wako watu ambao kulala ndani ya gari milimani ni furaha ya mapumziko yao. Hununua pikapu, wakatengeneza kitanda nyuma yake, na nyumbani mwao sehemu ya banda la gari huwa rafu tupu za mahema, mifuko ya kulalia, majiko na taa, kila kitu kimeoshwa na kukaushwa kikingoja safari ijayo. Siwaonei kijicho. Hata katika Mbuga ya Virunga, wageni waliopanda mlima Nyiragongo kulala kileleni walikodishiwa makoti na mifuko ya kulalia, maana wenye mbuga walijua kwamba mtu hapelekwi mlimani bila nguo nzito. Ninalosema ni kwamba maarifa haya yapo, si ya siri wala si ya gharama isiyofikika, na ni ajabu kwamba yamemfikia atembeaye kwa starehe kabla ya kumfikia anayetulisha.

Wala sisi wa mji huu si wageni wa mambo ya kambi. Kiswahili tunachokisema kilifika kwenye maporomoko ya mji huu kwa miguu ya misafara, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani maporomoko haya haya, aliiandika tarehe ya maisha yake kwa Kiswahili, na maisha hayo yalikuwa ni kupiga kambi na kuvunja kambi. Sitaisifu biashara ile, kwa kuwa ilijaa pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Lakini desturi yake moja yafaa kuzingatiwa, kwa kuwa bado iko nasi: hema lilikuwa la mkubwa, na mpagazi aliyelibeba hema hilo kutwa nzima alijengea kichwa chake kibanda cha matawi na majani. Ukoloni wa Wabelgiji nao ukajenga nyumba za mapumziko kando ya barabara, ambamo watumishi wake wa Kizungu walilala wakiwa safarini, ilhali mchukuzi mweusi alibaki nje. Leo tajiri ni mwenzetu, ni ndugu yetu, husali pamoja nasi. Na konvoyeri bado hulala juu ya majani.

Wako watakaosema kwamba vijana hawa wamezoea. Mwili hauzoei kulaliwa na gari. Udongo uliolowa hulegea usiku, magurudumu huzama, jeki huteleza, na aliye uvunguni hana pa kukimbilia. Tena liko jambo ambalo kila mke wa dereva anapaswa kulijua: baridi ya milimani huwashawishi watu kuingiza mbabula ndani ya kabini na kufunga vioo. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa hutoa sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu aivutaye huhisi usingizi mtamu asiamke tena. Dawa yake ni blanketi mbili nzito, kwa kuwa mwenye blanketi hatauhitaji moto kitandani.

Sasa tuingie nyumbani kwa tajiri. Katika nyua nyingi za mji wetu, iwe Makiso au Tshopo au Mangobo, mwenye gari ana chumba cha nyuma chenye kufuli kubwa. Humo mna tairi zilizopangwa, jeki mbili, minyororo, nyaya za kuvutia gari, mapipa, na bashi lililokunjwa kwa uangalifu wa kitambaa cha harusi, kwa kuwa mzigo ukilowa tajiri hula hasara. Uangalifu huo ni mwema, na ndio ninaouomba kwa ajili ya watu. Maana mwenye kujua kulitunza bashi hahitaji kufundishwa mengi.

Machache yafaa kutajwa hata hivyo, kwa kuwa unyevu wa Kisangani huharibu upesi. Turubai lisikunjwe likiwa bichi, hata kama gari limeingia usiku. Litandazwe juu ya kamba, likunjwe kesho yake, la sivyo ukungu utalila kwenye mikunjo. Godoro la sponji lisimamishwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, maana sakafu ya saruji hutoa maji usiyoyaona. Blanketi zianikwe juani pande zote mbili ili kunguni wasisafiri kutoka Butembo hadi kitanda cha watoto. Chandarua chenye dawa kiwe kinyume chake, kikaushwe kivulini, kwa sababu jua kali huiua dawa yake. Na petroli isiwekwe chumba kimoja na vitu hivi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hutoka chini ya mlango, na ukiikuta mbabula ya mama uani, nyumba nzima itaungua. Katika mji ambao mafuta huwekwa majumbani kwa madumu, tahadhari hiyo haijazidi kiasi.

Wenye magari hunijibu kwamba wakinunua blanketi zitauzwa njiani. Huenda mojawapo ikauzwa. Lakini jeki nayo yaweza kuuzwa, na bei yake ni kubwa zaidi, wala sijamsikia tajiri aliyepeleka gari Butembo bila jeki kwa kuogopa wizi. Jeki huandikwa katika daftari, dereva akatia sahihi atokapo na arudipo. Blanketi nazo ziandikwe vivyo hivyo. Hata sheria iko upande huu: Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri ahakikishe kazi inafanyika katika hali inayofaa kwa usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Sioni ni hakimu gani angeuita uvungu wa gari kuwa mahali pa heshima.

Najua pia kwamba baina ya Komanda na Beni hofu ya waasi imekuwa kubwa kuliko hofu ya baridi, hata magari yakawa yakienda kwa misafara yenye kusindikizwa na wanajeshi. Jambo hilo limo mikononi mwa serikali na majeshi yake, na makala nyingine italifaa. Lakini msafara wa kusindikizwa nao una kungoja kwake, na anayengoja hulala, na alalaye huhitaji blanketi.

Kwa hiyo nawaomba wenye magari wa Kisangani wasingoje waraka wa gavana wala mgomo wa madereva. Chama cha madereva ACCO na shirikisho la wafanyabiashara FEC wangeweza kukaa kikao kimoja wakakubaliana orodha fupi ya vyombo ambavyo gari la masafa halitapakiwa bila hivyo, na mwenye shehena akapewa ruhusa ya kuuliza kabla ya kulipa. Mpaka hapo, kila tajiri na afungue ghala lake jioni ya leo, ahesabu watu waliomo katika gari lake, kisha ahesabu blanketi. Na zikipungua, azinunue kabla gari halijapakia tena.